Neno la Shukrani

Nilikwenda kwenye kongamano la elimu Bagamoyo na swali moja. Shule yetu, huko mbele ya Mlingotini, haina umeme. Huo ubao wa kidijitali tuliokuwa tunagawiwa tutauwasha kwa mate?

Mtaalamu aliugusa kwa kidole, ukatokea moyo wa mtu, unadunda. Niliutamani, nisiseme uongo. Kisha nikanyoosha mkono niulize.

Mshereheshaji akasoma jina langu kifuani. "Mwalimu Hajra amejitolea! Atatoa neno la shukrani kwa niaba ya shule zote."

Hapo utasema nini? Mgeni rasmi amesimama, kamera ziko usoni, na neno la shukrani halina nafasi ya swali. Nikashukuru. Nikawaombea na dua. Wakanipigia makofi ya kilo.

Sasa ubao uko ofisini kwa mwalimu mkuu, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Jana nilimkuta Ashatu wa darasa la pili amekifunua, anafunga ushungi wake mbele ya kile kioo cheusi.

"Mwalimu, kinaonyesha vizuri," akaniambia.

Nikamshikia pini.