Nyeupe Pepe

Saa kumi na moja jioni maombi ya vyuo vikuu yangefungwa, na mpaka adhuhuri Hanin alikuwa hajajaza chochote. Alipanda ngazi akashuka, akapanda tena, hata majirani wa chini wakauliza kama kuna mgonjwa. Alikuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne kupita kiasi, na huo ndio msiba wake: angepata alama za wastani, watu wangemwacha achague kwa raha zake.

Babake, Abdulbasit, mwenye duka la vitambaa Makadara, alikwisha kata shauri siku nyingi. "Mtoto huyu yuwapenda hesabu," aliwaambia wateja, "atasoma uhasibu." Hanin alipenda hesabu kweli, lakini zile za pembe na uzito na nguvu. Kwa babake hesabu ni hesabu, na ajuaye kuzifanya mahali pake ni kwenye daftari. Alimweleza mara mbili. Mara ya tatu alinyamaza, maana mzee alikuwa ameshamnunulia rula na kalamu nyekundu.

Mamake ndiye aliyekuwa mgumu zaidi, kwa sababu yeye hakubishana. Bi Afaf alisali istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu akuchagulie la kheri, akalala, akaota.

"Nimekuona, mwanangu. Nyeupe pepe, kutoka utosini hata nyayoni."

"Koti la daktari, mama?"

"Nyeupe ni nyeupe," akajibu Bi Afaf, akainuka kwenda kutazama chungu ambacho hata hakikuwa motoni.

Kwa wiki tatu tangu hapo mtaa mzima ukamwita Daktari. Muuza mahamri alimtolea ulimi autazame. Jirani mmoja alimpandishia buibui amwonyeshe goti. Hanin alicheka nao, kisha akaingia chumbani akauma mto kwa hasira.

Alichokitaka yeye kilikuwa ukutani, pale ngazini. Nyumba yao ni ya mawe ya kale, na ufa ulikuwa umetoka chini ukapanda mpaka kwenye boriti za dari. Babake alileta fundi akaupaka rangi. Kufika Ramadhani ukarudi. Chokaa ilidondoka hata kwenye sinia la wali, watu wakaipangusa wakaendelea kula. Hanin, tangu kidato cha pili, alikuwa akibandika vipande vya karatasi juu ya ufa huo kwa gundi na kuandika tarehe. Karatasi ikichanika, ujue ukuta umesogea. Zilikuwa zimechanika nne. Alitaka kujua kwa nini nyumba yao inasogea, na itazuiwaje. Kazi hiyo inaitwa uhandisi, na roho yake yote ilikuwa huko.

Basi si angesema? Hebu jaribu wewe kumwambia hivyo mama aliyeoteshwa na Mungu! Hanin mwenyewe alikuwa ameshasali istikhara mara tatu. Katika dua ya sala hiyo kuna mahali unapotakiwa kulitaja jambo lako kwa jina, na mara zote tatu Hanin alitaja udaktari, kama alivyoelekezwa na mamake, akangoja moyo utulie. Haukutulia. Akajiona mtoto mbaya, mwenye imani haba.

Adhuhuri hiyo alisali mara ya nne. Bi Afaf aliketi nyuma yake kwenye mkeka, tasbihi mkononi, akimchunga kama achungaye maziwa motoni. Hanin alimaliza rakaa mbili, akainua mikono, akaanza kusoma dua kwa sauti ndogo. Alipofika pale pa kutaja, ulimi wake ukasema, "Uhandisi."

Alishtuka mwenyewe. Nyuma yake tasbihi ikanyamaza. Angeweza kujirudi, akasingizia kwamba ameteleza, lakini alijua kwamba neno lile ndilo la kweli pekee alilomwambia Mungu wiki tatu hizo. Akaisoma dua mpaka mwisho, machozi yakimtoka.

"Umetaja nini?" mamake akauliza.

"Uhandisi, mama. Zile mara tatu nilitaja jambo lako, si langu. Niwie radhi."

Bi Afaf alivuta ushanga mmoja wa tasbihi, akaurudisha alikoutoa.

"Ile ndoto sikukwambia yote," akasema. "Halikuwa koti."

"Lilikuwa nini?"

"Chokaa. Umesimama pale ngazini, umejaa chokaa hata kwenye kope, umeshika sijui chombo gani, na huku wacheka. Niliogopa, mwanangu. Kuta hizi zitamwangukia mtu siku moja. Nikaona bora uvae hilo koti, uwe mbali nazo."

Hanin hakujua acheke au apige ukelele. "Mama! Wiki tatu watu wanitolea ndimi!"

"Najua."

"Na nikacheka ndotoni?"

"Ulicheka sana," Bi Afaf akasema, na sasa yeye pia alikuwa analia. Akaichukua simu kwenye kiti, akamsukumia. "Haya, jaza kabla hawajafunga. Na babako umwambie wewe mwenyewe. Mimi uongo niliosema wanitosha."