Ada ya Kutupa Matairi

Landrova ya Sora ilikuwa juu ya mawe, magurudumu yote manne yameshatolewa, na mkewe yumo ndani. Sabdio alilala nyuma juu ya ngozi mbili za ng'ombe, leso imetundikwa dirishani kumkinga na jua la Garsen. Uvimbe wa tumboni haukumruhusu kuketi. Mara ya mwisho walipojaribu kwenda kwa basi alizimia kabla hata ya kufika Minjila. Utingo akawashusha kando ya barabara, na nauli hakurudisha.

Kwa hiyo ikabidi Landrova, na Landrova ikataka matairi. Yale ya zamani yalikuwa yamelika mpaka nyuzi zikaonekana, na moja la nyuma Sora alikuwa amelishindilia nyasi kavu baada ya tyubu kuoza. Kwa nyasi hizo alijikongoja kutoka ng'ambo ya Hewani tangu alfajiri, mwendo ambao mbuzi angewapita.

Muuguzi wa zahanati aliwaandikia barua ya kwenda Malindi na kuwaambia mambo wazi. Daktari wa kupasua huja Alhamisi tu. Hospitali inataka shilingi elfu tano dirishani kabla ya mtu kupewa kitanda. Na uvimbe ule, alisema, hauna Alhamisi nyingi za kungojea. Leo ilikuwa Jumatano.

Ng'ombe saba ndio waliotoa pesa za matairi na za hospitali. Mafuriko ya El Niño yalipokauka ilifuata homa ya mifugo, ikafuata karantini, na soko lilipofunguliwa wanunuzi walikuja na bei zao mifukoni. Sora aliuza saba kwa bei ya wanne. Mmoja alikuwa na mimba, dalali akaiona, akanyamaza. Sora naye hakuidai. Mkono ukishapeanwa, ng'ombe huenda na kamba yake shingoni na ndama wake tumboni, na hakuna Muorma anayerudi sokoni kesho yake kudai pesa ya kamba.

Elfu ishirini na tano zote alizipeleka kwa Shee, mwenye duka la vipuri. Ishirini za matairi manne, kila moja elfu tano, bei waliyokubaliana wakapeana mkono. Tano za hospitali amwekee kama amana. Ndivyo wafugaji walivyofanya na wenye maduka miaka yote, maana nyumba ya makuti haina sanduku la chuma. Shee alimpa karatasi, Sora akaweka dole gumba. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, ikiwa kumwamini mtu ni kosa.

"Bwana Shee," alisema sasa, "mimi nimekuja. Tairi ifungwe, unipe elfu tano yangu, niende. Msafara wa magari na askari unatoka saa sita."

"Karibu, mzee wangu, karibu sana." Shee alikuwa mtu wa Kipini, mwenye sauti laini isiyopanda hata akikunyima. "Shemeji yuaendeleaje? Mola atampa afya. Kaviha! Msomee mzee hisabu yake."

Kaviha, fundi wa duka na karani pia, mtu mwenye mvi na mikono myeusi ya grisi, alikuja na daftari. Hakumtazama Sora usoni.

"Matairi manne, elfu ishirini. Tyubu nne, elfu moja mia nane."

"Tyubu gani?"

"Za ndani ya tairi, mzee."

"Si ndiyo tairi hiyo? Mtu akinunua ng'ombe kwangu, mkia analipa kando?"

"Tyubu huja peke yake," Shee alisema kwa upole. "Kampuni nyingine kabisa."

"Flepu nne, raba za kukinga tyubu, mia sita," Kaviha aliendelea. "Usafirishaji kutoka Mombasa, mia sita. Askari wa msafara, mia nne."

"Mimi nikipita na msafara silipi askari."

"Wewe ni mtu, mzee," alisema Shee. "Yale ni mali."

Sora aliangalia gari. Mkono wa Sabdio ulitokeza chini ya leso, ukapepea nzi, ukarudi ndani. Kaviha alisoma ada ya kufunga, mia nne. Akasoma ushuru wa soko, mia mbili. Akasoma kodi ya stoo, kwa kuwa matairi yalifika siku tisa zilizopita na mwenyewe hakutokea.

"Mto ulikula barabara! Mimi nipite juu kama ndege?"

"Mia tatu sitini," Kaviha alisema. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeona haya. "Na ada ya kutupa matairi ya zamani, mia tatu."

"Usitupe. Hiyo mimi nataka. Nakata viatu vya watoto, na ndama wananywa maji ndani."

"Hayaruhusiwi kutoka hapa," alisema Shee. "Ni uchafu. Kuna sheria siku hizi."

Jumla yake ilikuwa elfu nne mia sita na sitini. Sora hakujua kusoma, lakini mtu aliyehesabu ng'ombe gizani tangu utotoni hahitaji daftari. Alijua kilichobaki kabla Kaviha hajakitamka. Alitamani kumshika Shee kanzu, amkung'ute mpaka noti zidondoke, na hasira hiyo ikamtia hofu kwa sababu mkewe alikuwa juu ya mawe ya mtu huyo.

"Sitaki," alisema. "Rudisha pesa yangu yote."

"Yaliagizwa kwa jina lako. Ukighairi, nusu inabaki dukani. Imeandikwa nyuma ya ile karatasi."

"Mimi sisomi, Bwana Shee. Wewe unajua mimi sisomi."

"Naelewa, mzee wangu. Lakini dole ni lako."

"Basi funga tatu tu. Moja ya zamani ibaki."

"Yote manne yameshaingia kwenye hisabu. Na hiyo elfu tano iko kwangu, ada zimeshatoka humo." Shee alisema hivyo pasipo ubaya wowote usoni, kama anayesoma saa. Akafungua mtoto wa meza, akaweka kauntani noti tatu za mia na shilingi arobaini za sarafu. "Kaviha, mfungie mzee haraka. Ana mgonjwa."

Kazi ilichukua saa nzima. Kaviha hakuwa mvivu. Alifunga vizuri, akakaza kila nati mara mbili. Alipokuwa kwenye gurudumu la mwisho alikuja mshona makubazi na mkokoteni, akayapindua yale matairi manne ya zamani, akang'oa nyasi kutoka lile la nyuma na kuzimwaga chini. Akamhesabia Shee noti mlangoni.

"Hiyo yangu!" Sora alifoka.

Kaviha hakuinua kichwa. "Umelipa yatupwe, mzee. Yameshatupwa."

Msafara ulikuwa umeshapangwa barabarani: malori mawili, basi, pikapu za miraa, lori la askari mbele na jingine nyuma kwa hofu ya shifta, majambazi wa njia hiyo. Sora aliingiza gari katikati.

"Baba Tadicha," Sabdio aliita kutoka nyuma. "Tumemaliza na watu hawa?"

"Tumemaliza."

"Ya hospitali unayo?"

Noti zilikuwa kwenye mfuko wa shati, nyepesi kama karatasi ya kufungia sukari. Honi ya mbele ililia na magari yakaanza kusogea.

"Iko," alisema.

Mbele ya Minjila barabara ilikuwa mashimo na matope yaliyokauka nusu. Matairi mapya yalipita juu yake bila kuruka wala kuteleza. Baada ya muda hakusikia tena pumzi za maumivu alizozizoea mwezi mzima, akageuka kwa hofu. Sabdio alikuwa amelala. Kwa mara ya kwanza tangu mvua, mkewe alilala usingizi wa kweli, mdomo wazi, mkono juu ya barua ya muuguzi.

Sora alipunguza mwendo. Hakujua atasema nini kwenye dirisha la hospitali, wala atasemaje atakapomwamsha. Akapunguza tena. Lori la nyuma likapiga honi, na askari akachungulia juu ya turubali akipunga bunduki hewani.

"Wewe mzee! Hapa hakuna kukawia! Unataka shifta watumalize? Kanyaga!"

Sora akakanyaga mafuta. Nyuma, Sabdio alikuwa anakoroma taratibu.