Ng'ombe wa Mahari ya Milembe

Tangu Milembe arudi kutoka safari ile ya kwanza, watu wa Zagayu walimkwepa. Alikuwa amepotea masika yote, na alipoeleza kwamba alikuwa kijijini hapohapo, ila mwaka wa themanini na mbili, mama yake alilia, na majirani wakasema binti alifichwa na mwanamume.

Kuhusu mwanamume hawakukosea sana. Aliitwa Mayunga, kijana mchunga ng'ombe aliyemkuta akitetemeka kando ya jiwe kubwa mlimani, akamfunika blanketi lake kabla hata ya kumuuliza ukoo. Jiwe lile lilikuwa na ufa, na mvua iliponyesha huku jua linawaka, Milembe aliweza kupita kati ya mwaka wake na ule wa Mayunga. Mayunga alijaribu kumfuata siku anaondoka, lakini kwake ulikuwa ufa tu, mkono ukaishia kwenye kiwiko. Milembe akamwahidi kwamba akishamwona mama yake atarudi.

Mvua za namna ile hazikuja upesi. Alihamia Bariadi mjini, akapanga chumba, akajifunza kushona. Jioni alikula peke yake, akazima taa mapema. Aliyezoea kuzungumza naye ni mteja mmoja tu, mama mzee wa Zagayu aitwaye Justina. Siku moja Justina, akisubiri gauni lake, alimsimulia habari za kaka yake, aliyeuawa kwa mishale na wezi wa ng'ombe kwenye kivuko cha mto, mwaka ule pamba ilipooza kwa mvua. Kaka huyo aliitwa Mayunga.

Milembe aliinama juu ya cherehani ili mama yule asimwone uso.

Msimu ulipofika aliacha kazi, akawa anashinda mlimani. Alasiri moja matone yakaanza kuanguka jua likiwa bado linawaka. Akajipenyeza kwenye ufa, akatokea upande wa pili, mashamba ya pamba yakiwa yameoza chini yake.

Mayunga alikuwa anateremsha ng'ombe kuelekea kivukoni. Ndevu zilikuwa zimeanza kumwota. Alipomwona alisimama, fimbo ikamponyoka.

"Nilijua umenisahau," alisema.

Milembe alimshika mikono, akamweleza alichosikia. Mayunga hakumbishia, ila alitazama ng'ombe wake kwa muda mrefu.

"Baba amekubali," alisema. "Hawa ndio wa kukuolea wewe. Nikiwaacha, nitatoa mahari gani?"

"Waache, Mayunga. Nisiolewe, lakini wewe uishi."

Hawakuwa wamemaliza kusemezana walipoona watu wakipanda kutoka mtoni, pinde mikononi. Walikimbia kurudi juu. Nyuma yao ng'ombe walilia, wakaanza kuswagwa, na Mayunga alikuwa akigeuka kila mara kama anaitwa. Wezi wawili waliachana na wenzao wakawafuata, maana walikuwa wameonekana nyuso. Mshale ulimpita Milembe sikioni. Walipofika kwenye jiwe mvua ilikuwa inakatika. Milembe alishikilia shati la Mayunga, akasema hatamwacha. Mayunga alimbandua vidole kimoja kimoja, akamsukuma ndani ya ufa, na Milembe akamsikia akikimbia kushuka upande wa pili wa mlima, akipiga kelele wamfuate yeye.

Alipotoka, kulikuwa kukavu, na bodaboda ilinguruma barabarani. Akaugusa ufa. Mkono uliishia kwenye kiwiko.

Alirudi Bariadi akiogopa kuuliza. Justina alipokuja, Milembe alijikaza, akamuuliza kaka yake alizikwa wapi.

Justina alimshangaa. "Azikwe wapi, naye mzima? Yuko Mkula. Alihama zamani, baada ya kuibiwa ng'ombe."

Milembe alikwenda Mkula. Alimkuta mzee mwenye kovu begani, akitengeneza mlango wa zizi. Akapiga goti kidogo kama binti anavyosalimia wakubwa. "Mwadila, baba."

Mzee alinyanyua uso, akaacha kazi. Hakuuliza yeye ni nani.

"Kwako siku ile ilikuwa lini?" alisema taratibu.

"Wiki iliyopita."

Mzee alitikisa kichwa, macho yakajaa machozi. Akamwambia alikuwa akipanda mlimani kila masika, mpaka baba yake akamkataza, na ndipo akaoa. Alisema hajutii kuoa, mke wake ni mtu mwema. Kisha akanyamaza, kwa sababu mke huyo alikuwa anakuja na maji ya kunawa, akimkaribisha mgeni chakula.

Milembe alikula nao. Mama yule alimsifia adabu, akamuuliza kama ana mchumba. Alijibu kwamba bado. Mayunga alikuwa anatazama sahani yake.

Wakati wa kuaga alimpa mkono kama anavyopewa mgeni yeyote. "Wabeja, Milembe," alimshukuru.

Jua lilikuwa bado juu. Milembe alitembea hadi barabara kuu, akasimama upande wa magari ya Bariadi.