Mbayuwayu Wadai Mji

Mbwilo anasinzia kitini barazani, saa nne asubuhi, blanketi shingoni na jiko la mkaa miguuni. Baridi ya Makete bado inauma, umande umeganda kwenye majani ya viazi, lakini mbayuwayu wamesharudi. Tangu juzi wanakuja wawili, wanazunguka ua, wanaparuza ukuta pale kilipokuwa kiota chao, wanaondoka. Kiota alikipiga fagio yeye mwenyewe mwezi wa saba, kisa kinyesi juu ya kiti kipya. Mkewe Tusekile akapiga kelele, Baba Nuru, hao ni wenyeji! Naye akamjibu, hii nyumba yangu, anayelilia ndege awafuate. Tusekile akabeba begi kwenda kwa mama yake Tukuyu, na mlangoni akasema, wakirudi wakakosa pa kukaa, nami usinisubiri. Sasa Mbwilo anakodolea macho upenu, kope zinagusana, zinaachana, zinagusana, na baraza inanyooka inakuwa barabara.

Anatembea. Kushoto nyumba yake, kulia nyumba yake, mbele mji mzima wa nyumba yake, mlango ule ule wa bluu, kiti kile kile, na hakuna nyumba hata moja yenye upenu. Juu mbayuwayu wamejaa kama moshi, wanazunguka, hawana pa kutua, na yeye miguu haitulii, akisimama barabara inamtembeza. Kwenye mlango mmoja amekaa mtu mwenye koti, na pale penye uso pamelainishwa kama ukuta uliopigwa lipu. Hodi, anasema Mbwilo. Nani? Mimi, Mbwilo. Nani? Sauti ni yake mwenyewe, maana miaka ishirini kila hodi nyumbani kwake ameijibu nani, hata ya mchungaji.

Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega. Kajenga kwa tope, kafukuzwa kwa fagio. Mbwilo anacheka, hicho hata mtoto anakijua, mbayuwayu! Umekosa, mzee mzima. Nipe mji. Chukua Makambako. Makambako inazimika nyuma ya mlima kama kibatari, na barabara inapinda, mlango ule ule, koti lile lile. Kajenga kwa tope, kafukuzwa kwa fagio. Mchwa! Nipe mji. Anatoa Njombe, anatoa Mbeya, anataka kutoa Tukuyu, ulimi unagoma, maana huko yuko Tusekile, na hapo anamwona Tusekile wa mwaka ule wa kwanza, mimba ya Nuru tumboni, sketi imekunjwa magotini, anakanyaga tope la tofali za nyumba hii, anaimba, na yeye Mbwilo yuko kilabuni.

Ni mke wangu, anasema. Asiye na uso ananyoosha kiganja. Nimesema ni mke wangu, we huna masikio? Sina, umepata lakini umechelewa, mji nautaka. Sina mji mwingine, nimebaki na nyumba. Basi nyumba. Mbwilo anasaga meno, anatukana, anazunguka kiti mara tatu kama ndege wale. Haya, anasema, nakupa nyumba, lakini mpelekee Tusekile. Mkono wenye tope bichi unamshika wake, baridi, na mbayuwayu wote wanashuka kwa pamoja.

Jiko limezima. Blanketi liko chini. Kwenye ukuta, pale pale, kuna kidonge cha tope kibichi, kidogo kama punje ya hindi, na Mbwilo anatazama kucha zake, nazo zina tope, hajui kama ni la kule au la shamba la jana. Nyumba ni hii, mlango ni wa bluu, lakini hata kule ulikuwa wa bluu. Upande wa pili wa ua lango linalia, kitu kizito kama begi kinawekwa chini.

Hodi, inasema sauti.

Ile nani yake inamfika kooni. Anaimeza. Kama yuko macho au bado yuko barabarani, shauri yake Mungu.

Karibu, anasema. Karibu kwako.