Mama Hakupungua

Jumatatu saa nne asubuhi, Marnie Treloar aliifungua picha kwenye skrini kubwa ya Evanthia Kalogeras, akaipunguza mpaka ikawa na upana wa stempu, kisha akarudi nyuma hatua tatu na kufinya macho. Hivyo ndivyo jalada la mchezo wa kompyuta linavyopimwa. Mnunuzi hulikuta kwa mara ya kwanza likiwa dogo namna hiyo, limebanwa na wenzake ishirini kwenye duka la mtandaoni, naye anapitisha kidole mbiombio kama anayefukuza nzi. Wachoraji wengi hulipenda jalada lao likiwa kubwa kama mlango, wanalikenulia meno wiki nzima, na siku ya kuliuza wanaula wa chuya.

"Duka naliona," alisema Marnie. "Turubai la mistari naliona. Jina la mchezo linasomeka. Ila mama hayumo."

Mama alikuwa amesimama kando ya birika la umeme, akitafuta kikombe kisicho na ufa.

Picha yote ilikuwa imepungua: rafu, mitungi ya pipi, ubao wa aiskrimu, hata kipande cha barabara ya Preston kilichoonekana mlangoni. Mwanamke wa nyuma ya kaunta peke yake ndiye aliyebaki na kimo chake, na kwa kuwa stempu haikumtosha, alitoka. Alikuwa Polyxeni Kalogeras, mama yake Evanthia, aliyefariki mwezi Agosti miaka minne iliyopita. Alivaa aproni ya bluu aliyochorewa na Marnie. Evanthia alimbusu mashavu yote mawili, akamwonyesha maziwa yalipo.

"Umekonda," alisema Polyxeni.

"Nimenenepa kilo sita, mama."

"Basi umekonda usoni. Na wewe binti," akamgeukia Marnie, "friji la aiskrimu umeliweka kulia. Lilikuwa kushoto. Kulia palikaa magazeti."

Marnie alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi ya majalada, na wateja wa kila aina walikwishampitia mikononi. Alichukua kalamu akaandika: friji, kushoto.

Duka lenyewe lilikuwa la kona, la aina ambayo watu wa Melbourne huiita baa ya maziwa, ingawa hakuna aliyewahi kulewa humo. Polyxeni alilisimamia miaka thelathini na mmoja, siku saba kwa wiki, familia ikiishi vyumba vya nyuma, nyuma ya pazia la vipande vya plastiki. Hakuwahi kumaliza sahani ya chakula akiwa ameketi. Mlango ukilia, aliinuka. Akirudi, dengu zimepoa. Leo mahali hapo watu hunyooshwa viungo kwa miadi, na ukipita dirishani unaona mipira mikubwa ya rangi ya zambarau.

Kwa miaka miwili Evanthia alikuwa akitengeneza mchezo wa duka hilo, peke yake, kwenye chumba cha kupanga juu ya fundi baiskeli kule Brunswick. Mchezaji hahangaiki na bunduki wala mazimwi. Anafungua mlango asubuhi, anapanga magazeti, watoto wanakuja kubandika pua kwenye kioo na kuagiza pipi mojamoja, mbili za hizi, tatu za zile, hapana, rudisha hiyo, naye anazitia kwenye mfuko mweupe wa karatasi na kuusokota masikio. Kila kitu kilikuwemo. Mwanga wa saa kumi ulikuwemo, ule unaoingia kwa upande na kupita ndani ya mitungi. Waliojaribu mchezo walitokwa na machozi, na Evanthia alifurahi, maana yeye mwenyewe alilia alipokuwa akiuchora ule mwanga.

Lakini mwenye duka alikuwa mikono miwili tu iliyotokeza chini ya skrini. Marnie ndiye aliyeuliza, siku ya kwanza ya kazi, ile mikono ni ya nani. Ni ya mama, alisema Evanthia. Alikwenda kutafuta picha ya mama yake dukani ili Marnie aichore. Kwenye albamu ya nyumbani mlikuwa na picha arobaini za duka: baba na mzani, shangazi na krismasi, watoto na barafu za vijiti. Mama hakuwemo hata katika moja. Si kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizipiga, alikuwa anahudumia. Evanthia aliona aibu siku kadhaa, na hapo ndipo alipoapa kwamba jaladani, mahali pa kwanza mtu atakapotupa jicho, atakuwepo mama yake na si mwingine, hata kama Marnie atamchora kwa kusimuliwa tu.

Ndiyo maana Jumanne walijaribu tena. Kanuni ya Marnie ilikuwa kwamba jalada hubeba kitu kimoja, kikubwa, chenye mwanga nyuma yake. Mengine yote ni wapambe. Alimsogeza Polyxeni mbele, uso ukajaa nusu ya picha, ile aproni dhidi ya njano ya taa. Ilikuwa kazi nzuri kupita zote alizowahi kufanya, na alijua. Waliigeuza nyeusi na nyeupe kuona kama uso unabaki, ulibaki. Waliipunguza kwa nusu, alikaa. Walipofika upana wa stempu, kiti cha tatu mle chumbani kikakwaruza sakafu, na Polyxeni alikuwa ameketi juu yake akimenya chungwa.

"Mama, tafadhali," alisema Evanthia. "Kaa humo dakika mbili tu niihifadhi."

"Sienei."

"Sisi sote hatuenei, mama, ndiyo kazi yenyewe. Unajibana kidogo."

"Evi, mimi nimejibana miaka thelathini na mmoja. Nilipofika ndipo hapo. Hapapungui tena."

Hakusema kwa hasira. Aligawa chungwa vipande vitatu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Polyxeni hakungoja kupewa. Jumatano aliwaondoa wote wawili mbele ya skrini, akawaonyesha kwa kidole mtungi upi ulikaa juu ya upi, na kwamba nyoka wa sukari hawakuwahi kuchanganywa na vyura wa chokoleti, kwa sababu jua la mchana lingewafanya kitu kimoja. Fundi baiskeli alipopanda kuazima kahawa alimwita mama, akapewa kahawa na kuulizwa ataoa lini. Sisi tuliopanga vyumba vya jirani tulianza kuacha milango wazi ili harufu ya dengu zake itufikie.

Picha zilitakiwa kufika kwa wakaguzi wa duka la mtandaoni Ijumaa saa sita mchana. Zisipofika, siku ya kuzindua ingeahirishwa hadi katikati ya mauzo makubwa ya majira ya joto, ambako mchezo mdogo huzama kama sarafu kisimani. Alhamisi Marnie alitandaza mezani alichokuwa nacho: duka tupu, mwanga wa saa kumi, hakuna mtu.

"Nitakwambia kitu na usinikasirikie," alisema. "Hili linauza."

"Halina mtu!"

"Ndiyo. Nimelipachika kati ya majalada ishirini nikawaonyesha watu kumi pale chini kwa fundi. Wanane wameliteua. Nimewauliza kwa nini. Wanasema linatuliza. Mmoja kasema linampa raha kwa sababu kila kitu kimo tayari na hakuna anayehangaika."

"Hakuna anayehangaika," Evanthia alirudia. "Na nani aliyevitia tayari?"

"Usiniulize mimi, dada. Mimi nimemchora mara mbili."

"Wahenga si walisema kizuri chajiuza?"

"Wahenga hawakuwahi kuuza mchezo mtandaoni."

Evanthia alikaa muda mrefu akilitazama lile duka tupu. Alitaka kulichukia, akashindwa, maana lilikuwa zuri. Lilikuwa kama alivyolikumbuka yeye mwenyewe kila alipolikumbuka, na jambo hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alimwambia mama yake kwamba hataliweka, kwamba ni heri mchezo usiuzwe.

Polyxeni alikuwa akichambua dengu kwenye sinia. "Weka," alisema. "Usiniletee mambo ya watoto. Ulifanya kazi miaka miwili. Duka likifunguliwa linafunguliwa."

"Hawatakuona, mama."

"Haya, na wewe umeanza kuniona lini?" alisema Polyxeni, kwa upole tu, akatoa kijiwe kwenye dengu na kukiweka pembeni.

Evanthia alilia bila kujificha. Ijumaa saa tano na nusu alituma jalada tupu.

Mchezo ulizinduliwa Alhamisi, wiki mbili baadaye, na ulinunuliwa. Marnie hakukosea hata chembe. Kwenye ukurasa wa maoni watu waliandika kutoka Geelong, Wollongong, hata Christchurch ng'ambo ya bahari, kila mmoja na duka lake la kona. Walikumbuka pipi za chupa. Walikumbuka ubaridi wa kioo cha friji kwenye kipaji cha uso na sauti ya mlango. Walishukuru kwa jalada. Walisema walipoliona tu walijua. Evanthia alimsomea mama yake maoni moja baada ya jingine, akipekua haraka, akitafuta mtu aliyetaja mtu.

Kulikuwa na mmoja, Glenn Pascoe, aliyekulia Preston mtaa uleule. Aliandika aya tatu ndefu. Alisema alikwenda dukani hapo kila siku baada ya shule kwa miaka saba, na kwamba bado humwota yule mbwa wa kahawia aliyelala kizingitini, jina lake Biskuti.

"Biskuti hakuwa wetu," alisema Polyxeni, akivaa miwani. "Alikuwa wa yule wa nyama. Huyu Glenn namjua. Nyoka wa sukari, wote isipokuwa wa kijani. Alikuwa na pumu. Siku ile kifua kilipombana nilifunga duka, mara yangu moja tu kulifunga, nikambeba mgongoni mpaka kwa daktari, naye alikuwa mzito kama gunia. Mwulize kama kifua kilipona."

Evanthia aliandika: Mama anauliza kama kifua chako kilipona.

Jibu lilikuja upesi, na alama ya moyo mwishoni.

Kilipona zamani, asante sana! Mama gani?

Polyxeni alilisoma juu ya bega la binti yake, taratibu, midomo ikitembea, kwa sababu Kiingereza cha kuandikwa hakikuwahi kumwia chepesi. Kisha akavua miwani.

"Kimepona," alisema. "Mwambie nimefurahi."