Neno Letu Lilikuwa Sabuni

Mwalimu mkuu alinipigia simu kuhusu pazia. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, mtu asije akasema nilitoka nayo nyumbani. Alisema shule inaandaa ukuta wa heshima ndani ya bwalo, wanamichezo wa zamani walioipatia shule jina watatundikwa picha zao, na linatakiwa pazia dogo la kufunika picha ya kwanza mpaka saa ya kuifunua. Alikuwa ameelekezwa kwangu kama fundi wa mapazia. Nikamuuliza picha yenyewe ni ya nani. Akanitajia wifi yangu.

Nikasubiri majina mengine. Hakuendelea.

Sasa, wifi yangu alishinda mbio za kupokezana vijiti. Na mbio hizo, kwa asiyejua, hukimbiwa na watu wanne. Wifi alikuwa wa nne, mimi nilikuwa wa tatu. Aliyenikabidhi mimi alikuwa msichana tuliyemwita Msumari, na aliyemkabidhi Msumari alikuwa Kidogo, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Akacheka kwa adabu, maana ni binti mwenye adabu na enzi zetu hakuwa hata amezaliwa, kisha akasema picha waliyonayo ina mtu mmoja tu.

Hilo ni kweli. Wapiga picha husimama penye utepe. Wa tatu humkabidhi mwenzake kule kwenye kona, akabaki hukohuko anahema, hana mtu wa kumpiga picha wala wa kumpa maji. Ile picha naijua vizuri: wifi kifua mbele, mdomo wazi, kijiti juu. Nimejitafuta sana ndani yake, hata kivuli tu. Sipo. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini waundaji wapo kule kwenye kona.

Pazia nililishona. Nililishona la mahameli nyekundu lenye pindo mbili, kwa sababu hasira ni hasira na kazi ni kazi.

Lakini nikisema kilichoniuma ni picha nitakuwa naongopa. Kilichoniuma ni kwamba wifi hanijui tena. Ugonjwa wa kusahau ulimwanza kwa mambo madogo, funguo na majina ya majirani, ukaja ukambeba kidogo kidogo kama mtu anayehamisha vyombo nyumbani bila kuaga. Siku hizi nikiingia kwao ananipokea kwa heshima zote, ananipa kiti, ananiuliza nimetoka mbali? Ananiita mama. Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja bwenini mwaka ule magodoro yalipopungua. Afadhali angenitukana.

Na matusi alikuwa anayajua. Ngoja nieleze, maana bila hili huwezi kuelewa nilikuwa nataka nini siku ya kuifunua picha.

Aliyetufundisha mbio hakuwa mwalimu wa michezo, alikuwa mwalimu wa mapishi. Mwalimu wa michezo alikuwa wa wavulana. Huyu wetu alikuwa mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, na kijiti chetu cha mazoezi alikikata kwenye mpini wa fagio la jikoni kwake. Aligundua jambo moja ambalo shule nyingine hazikuligundua. Uwanjani, kwenye kubadilishana, kila msichana anamfikia mwenzake akipiga kelele, "Shika! Shika!" Wanafika kundi zima, wote wanasema shika. Aliyewapa mgongo atajuaje anayeitwa ni yeye? Wengine walikuwa wanatoa mkono kwa sauti ya mtu wa shule nyingine.

Basi mwalimu akatupa maneno ya dukani. Kidogo kwa Msumari walipewa "Kiberiti", lakini neno lilikuwa refu mno, Kidogo akifika "-riti" Msumari yuko mbali, wakabadilishiwa wakapewa "Chai". Msumari kwangu ilikuwa "Chumvi". Mimi kwa wifi ilikuwa "Sabuni". Wasichana wa shule nyingine walicheka mpaka wakashika mbavu, walipotusikia tunakimbia huku tunaagiza vitu. Sisi tulikuwa tukisikia neno letu, mkono unakwenda nyuma wenyewe, kiganja wazi. Hakuna kugeuka. Mwalimu alisema anayegeuka hamwamini mwenzake, na asiyemwamini mwenzake aende akakimbie peke yake.

Ndiyo maana, ukiniuliza ni kitu gani nakijua zaidi duniani, nitakwambia ni mgongo wa wifi yangu. Kila siku jioni, miaka ya shule yote, niliukimbilia mgongo ule. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Nikishampa kijiti unapungua, unapungua, mpaka unakuwa nukta kwenye vumbi, na mimi nimeinama mikono magotini naomba Mungu asianguke.

Halafu anarudi. Tukishinda anarudi, tukishindwa anarudi, anakatisha uwanja wote kuja pale nilipo, na neno lake la kwanza ni lilelile: "Umechelewa."

Hata siku ile ya mashindano ya shule zote, watu wamembeba juujuu, aliomba wamshushe akaja kuniambia nimechelewa. Nami nikamjibu kama nilivyomjibu siku zote, kwamba sikuchelewa, ni yeye aliyeondoka mapema. Tukagombana hapo mpaka mwalimu akatutia maji vichwani. Baadaye kaka yangu, aliyekuwa amekuja kunitazama mimi nikikimbia, alirudi nyumbani akiulizia habari za yule wa nne. Wakaoana. Ugomvi wetu ukapata baraka ya undugu, tukaendelea nao kwenye harusi, kwenye vikao vya familia, jikoni. Nikifika na chakula cha msiba, umechelewa. Nikijifungua baada ya tarehe niliyopewa, umechelewa hata kwa hili. Miaka yote hiyo nilikuwa nakereka. Sasa nimefika umri huu, na kitu pekee ninachokitaka kutoka kwake ni aniambie mara moja tu kwamba nimechelewa.

Nikaamua aende kwenye sherehe ile, liwe liwalo. Nilijiambia akiliona bwalo, akiiona picha, huenda likafunguka dirisha.

Binti yake hakutaka. Ni mwalimu wa chekechea, mpole, na ndiye anayemwogesha mama yake. Alisema, "Shangazi, watu watamcheka. Mama akiona kundi anaogopa. Wamkumbuke alivyokuwa."

Nikamjibu kwamba alivyokuwa ndivyo alivyo, na anayetaka kucheka acheke mbele yangu. Tukamgeukia kaka yangu. Kaka ni kinyozi mstaafu, mtu wa maneno machache kwa sababu maisha yake yote wateja ndio waliokuwa wakiongea. Tangu mkewe augue amejifunza kusuka nywele. Anasuka vibaya, mistari inakwenda kombo, lakini anasuka kila wiki na hakubali kusaidiwa. Wakati ule alikuwa ameshika kitana, wifi kakaa sakafuni katikati ya magoti yake. Akasema, "Aende. Akitaka kurudi tutarudi." Akaendelea na msuko wake.

Siku ya sherehe bwalo lilikuwa limejaa. Meza zimetolewa, mabenchi yamepangwa pande mbili na njia katikati kama ya bibi harusi, na sisi tumewekewa viti mbele. Dirisha la kugawia chakula ni lilelile, na ukingo wake wa saruji bado una shimo tulilokuwa tunasagia penseli. Niliingiza kidole nikakuta kinaenea. Hapo nikataka kulia, nikajizuia kwa kukagua pazia langu, ambalo walikuwa wamelitundika upande.

Nilimwonyesha wifi dirisha. Nilimwonyesha benchi letu. Nikamwonyesha mlango wa nyuma unaotokea uwanjani, ulioachwa wazi ili hewa iingie. Alitazama kila kitu kwa heshima ya mgeni na kusema ni pazuri, ni pazuri sana mama, hapa ni hospitali? Binti yake akanitupia jicho. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Hotuba zikawa ndefu. Mwalimu mkuu alisema maneno mazuri, na lazima nikiri kwamba alikuwa amejifunza, maana aliwataja Kidogo na Msumari na mimi, akaomba radhi kwamba picha zetu hazikupatikana. Watu wakanigeukia. Nikakaa kiti changu vizuri. Kisha pazia likavutwa, likafunguka bila kukwama kama nilivyojua litafunguka, na wifi yangu akatokea ukutani, msichana, mdomo wazi, kijiti juu. Bwalo zima likapiga makofi.

Makofi ndiyo yaliyoharibu. Kwa mtu asiyejua yuko wapi, makofi ya watu wengi ni kelele ya ugomvi. Aliruka kwenye kiti, akashika mkoba wake kifuani, akaanza kuuliza wamefanya nini, wamefanya nini. Hakuitazama picha. Mwalimu mkuu, maskini, alidhani ni furaha, akamjia na cheti mkononi, kimeviringishwa na kufungwa utepe. Wifi akarudi nyuma. Mwalimu mkuu akasogea, wifi akaficha mikono. Makofi yakapungua, yakawa ya hapa na pale, yakafa. Mtu nyuma akacheka, kile kicheko cha haya, na binti wa wifi akafunika uso.

Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Nataka kwetu." Akageuka akaanza kutembea kwenye ile njia ya katikati, kuelekea mlango wa nyuma.

Kaka akainuka amfuate. Mimi nilikuwa nimeshafika mbele. Sikumbuki kuinuka. Nilikuwa na hasira na mwalimu mkuu, na yule aliyecheka, na ugonjwa, na nafsi yangu iliyomleta mwenzangu kudhalilika, nikachukua kile cheti kutoka mkononi mwa mwalimu mkuu bila hata samahani. Nikageuka nimwite nimpe. Nimwiteje? Wifi haitikii wifi tena. Jina lake mwenyewe haliitikii.

Nikauona mgongo.

Bega la kushoto chini, la kulia juu. Msuko wa kaka yangu umekwenda kombo mpaka shingoni. Alikuwa anatembea haraka, ananiacha, na miguu yangu ikamfuata kabla sijaiambia. Nilivaa gauni la kubana na magoti yangu ni magoti ya mwanamke aliyekaa kwenye cherehani maisha yake yote, lakini nilikimbia, jamani, katikati ya mabenchi mbele ya watu wenye heshima zao, na nilipomkaribia likanitoka, kwa sauti ya uwanjani:

"Sabuni!"

Mkono wake wa kulia ukaja nyuma.

Hakugeuka. Mkoba ulianguka, mkono ukaja nyuma umenyooka, kiganja wazi, kidole gumba pembeni, vilevile. Nikakipigiliza kile cheti kiganjani kama tulivyofundishwa, kwa nguvu, ili mwenzako ajue amepata. Vidole vikafunga. Na wifi yangu akaondoka. Sisemi alikimbia kama msichana wa ukutani, alikimbia kama bibi mwenye viatu vya kuazima, lakini alikimbia, na watu kwenye mabenchi waliinuka safu kwa safu alipokuwa akipita, wala hakuna aliyecheka.

Mimi nilibaki pale nilipomkabidhi. Nimeinama, mikono magotini, nahema, naomba Mungu asianguke.

Alifika mlangoni akasimama, mbele yake uwanja na jua la jioni. Akaangalia kile alichoshika. Akageuka, akawa anatafuta kitu kati ya watu, uso baada ya uso, akampita binti yake, akampita kaka yangu, mpaka akanifikia mimi. Akaja. Alikatisha bwalo lote pole pole, anahema, akasimama mbele yangu na kunikazia macho.

"Umechelewa," akasema.

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo tangu utotoni, ningeweza kulisema usingizini.

"Sikuchelewa, wifi," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeondoka mapema."

Alilifikiria. Akatoa ule mcheko wake wa puani, wa dharau, ambao nilikuwa sijausikia siku nyingi, akanishika mkono tukaanza kurudi kwenye viti. Kaka yangu aliokota mkoba, akaufuta vumbi kwa mkono wa shati. Na kabla hatujafika kwenye viti, wifi alikuwa ameshaniinamia sikioni, kwa heshima zote, kuniuliza mimi ni mtoto wa nani, na mbona nalia.