Samaki wa Mkwe

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, Mama Vipimo alitia kipimajoto kwenye tangi la samaki kabla hata hajanawa uso. Tangi lilikaa juu ya meza ya cherehani, kati ya dirisha na kabati la vyombo. Lilikuwa dogo, lita arobaini, na pungufu ukiondoa changarawe. Ndani yake aliishi samaki mmoja bapa, wa mviringo, mwenye mistari ya buluu ubavuni. Jina lake la kitaalamu mkwe aliliandika kwenye karatasi na karatasi ikapotea, kwa hiyo nyumbani walimwita Kisosi.

Mkwe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alimleta Kisosi wiki moja kabla ya kuondoka kwa safari ya miezi mitano. Muuzaji alimweleza waziwazi kwamba samaki wa aina hii si wa mtu anayeanza, wala si wa tangi dogo. Anataka wenzake watano au sita, maji ya nyuzi ishirini na nane na zaidi, yabadilishwe kila siku ya pili, na moyo wa ng'ombe uliosagwa. Mkwe alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, akanunua mmoja. "Nikirudi nimkute mzima," alimwambia mkewe. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minne na harufu ya moyo wa ng'ombe ilimkimbiza jikoni, kwa hiyo kazi ikamwangukia mama yake.

Ingekuwa heri imwangukie mtu mwingine. Mama Vipimo alikuwa mpima maji wa idara ya maji ya mji, mwaka wa kumi na tisa huo, na alijua habari za maji kuliko inavyofaa kwa usingizi wa mtu.

Alifuata masharti yote. Alikinga maji ya bomba kwenye ndoo, akayaacha siku nzima dawa ya maji iruke, akayapasha, akayamimina taratibu kwa kikombe. Hata hivyo, kila akibadilisha maji Kisosi aligeuka mweusi, akabana mapezi na kujibanza nyuma ya hita kama mtu aliyegombana na nyumba nzima. Chakula hakugusa.

"Mama, samaki wa watu atatufia," binti alisema.

"Hafi."

"Mbona mweusi hivyo?"

"Amenuna tu. Kunywa chai yako."

Binti akanywa. Mama Vipimo alimwangalia akimeza, funda baada ya funda.

Mimba ilipoingia mwezi wa nane, Kisosi alianza kuhama. Jumatatu walimkuta kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya jiko, ana rangi zake zote, anakula viluwiluwi vya mbu. Walimrudisha. Jumanne alikuwa kwenye glasi ya maji ya dukani kando ya kitanda cha binti, amekaa kiubavu maana glasi ilikuwa nyembamba. Jumatano alipatikana ndani ya kidumu cha maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, ambacho mkwe alikiacha uvunguni, na kifuniko kilikuwa kimefungwa. Binti alitafuta kisu akipasue, kisha akakumbuka kwamba kidumu ni cha mumewe, akakifungua tu na kumwita samaki kwa moyo wa ng'ombe.

"Huyu anayakimbia ya bomba," alisema.

"Samaki ana mambo yake," mama yake alijibu upesi.

Alhamisi ilikuwa siku ya sampuli. Mji ulikuwa na mitaa kumi na miwili, na kila mtaa ulikuwa na chupa yake yenye lebo na namba. Sheria ilitaka Mama Vipimo azunguke kwa pikipiki ya idara, akinge maji kwenye bomba la kila mtaa, arudi nayo maabara. Miaka minane nyuma pikipiki iliharibika siku ya mvua kubwa, na yeye, kwa kuona haya kurudisha fomu tupu, alijaza chupa zote kumi na mbili kwenye bomba lililo nje ya mlango wa Mkuu wa idara. Bomba hilo lilikuwa na kisima chake, kilichochimbwa kwa ajili ya wafanyakazi. Alikusudia iwe siku ile moja tu. Majibu yakatoka mazuri, Mkuu akapongezwa mkutanoni, na wiki iliyofuata pikipiki ilikuwa imepona lakini hakuna aliyempa ufunguo. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Bomba kuu la mji liliendelea kupita chini ya mtaro wa kiwanda cha ngozi, na nyufa zake zilikuwa zinafahamika.

Alhamisi hiyo alijaza chupa zake, akabandika lebo, akazipanga mezani. Kisosi alikuwa kwenye ya saba, iliyobeba jina la mtaa wake mwenyewe. Mdomo wa chupa ulitosha kidole gumba. Samaki alikuwa wa buluu kuliko siku zote, anapepea mapezi kwa raha.

Mkuu aliingia na fomu.

"Wa nani huyo?"

"Wa nyumbani, Mkuu."

"Umemwingizaje?"

"Ameingia mwenyewe."

Mkuu akashusha miwani, akainama. "Ana afya."

"Huku ndiyo. Kule kwetu anaumwa."

Mkuu aliitazama lebo. Hakuwa mtu mkorofi. Alipenda watu, alijua majina ya watoto wa wafanyakazi wote, na alikuwa amechangia harusi ya binti. "Mama Vipimo," alisema, "umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Miwili."

"Miwili inapita. Jaza chupa nyingine ya saba. Fomu haina nafasi ya samaki."

"Basi niruhusu nichote dumu moja kila siku niende nalo nyumbani. Mwanangu ni mjamzito."

"Ukipita getini na dumu, watu watauliza mpima maji anabeba maji ya nini. Utawajibu nini?"

Akajaza chupa nyingine ya saba, akaandika *Safi* mara kumi na mbili, kila moja na sahihi yake. Alipotoka, mlinzi aliona chupa yenye samaki, akasema samaki mzuri huyo, akafungua geti.

Jioni alimmimina Kisosi tangini pamoja na maji yake, kisha akaketi mbele ya binti.

"Uwe unakunywa ya mvua."

"Mvua ya wapi? Pipa limekauka tangu juzi."

"Ya dukani basi."

"Ya kupikia pia? Ya kuoga?" Binti akaweka kikombe chini. "Mama, si wewe unayeyapima? Yana nini?"

Mama Vipimo alifungua kinywa aseme. Aliona miaka minane ya fomu, aliona sahihi yake chini ya kila moja, aliona uso wa mwanae ukibadilika.

"Hayana kitu," alisema.

"Ulinitisha bure," binti alisema, akachukua kikombe.

Kesho yake Kisosi hakuwemo tangini. Hakuwemo kwenye pipa, wala uvunguni, wala ofisini, maana Mama Vipimo alizikagua chupa zote, hata zile tupu. Siku nne zilipita. Siku ya tano alikuja Bibi Mkunga wa mtaa kumwangalia mjamzito. Aliweka pembe yake ya kusikilizia juu ya tumbo, akasikiliza, akaihamisha, akasikiliza tena.

"Mtoto mzima. Moyo unakwenda vizuri," alisema. "Na yupo mwingine anamzunguka."

"Mapacha?"

"Si pacha, mwanangu. Huyu bapa."

Binti alicheka hadi akajishika kiuno. "Afadhali! Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mume wangu."

"Mwacheni huko huko," Bibi Mkunga alisema, akifunga mkoba. "Amejipatia pazuri."

Mama Vipimo alikwenda jikoni, akafunga mlango, akalia. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona woga, kwa sababu alielewa hesabu ya samaki yule: katika nyumba nzima, maji ya tumboni tu ndiyo aliyoyakubali.

Tangu siku hiyo hakutia tena kipimajoto tangini. Saa kumi na mbili na robo alibisha chumbani kwa binti.

"Anacheza?"

"Nani, wangu au wa mume wangu?"

"Wa mume wako."

"Anazunguka tu. Ananitekenya."

Aliuliza hivyo kila asubuhi, wiki tatu, na kila asubuhi jibu lilimpa pumzi ya kumfikisha kazini. Kisha, Alhamisi moja, binti alijibu huku akijipapasa ubavu wa kulia.

"Leo hazunguki. Amejibanza hapa, ametulia tuli. Nadhani amelala."

Mama Vipimo alikwenda kwenye bomba la nyumbani kwake, akajaza hadi juu chupa ya saba, ile iliyomleta samaki, akaenda nayo kazini ameikumbatia. Maabara aliitia dawa ya kupimia, na maji yakageuka rangi ambayo kwa miaka minane hakuwa ameiona. Alimwita Mkuu. Mkuu aliitazama rangi hiyo kwa muda, akasema, "Pole sana, mama yangu," na alimaanisha. Akaichukua chupa, akaimwaga kwenye sinki, akaisuuza vizuri mara tatu, akatoka nayo hadi bombani kwake. Akairudisha imejaa, akamwekea kalamu mkononi.

Mama Vipimo alikuwa ameshatia sahihi kumi na moja simu ilipoita. Bibi Mkunga alisema chupa ya uzazi imepasuka na asichelewe. Alitia ya kumi na mbili akiwa amesimama.

Alipofika nyumbani, Kisosi alikuwa ametangulia kuzaliwa. Alikuwa kwenye bakuli, mweusi tii, mapezi yamembana mwilini, anafungua na kufumba mdomo. Mtoto akafuata baada ya robo saa, wa kike, amekunja mikono kifuani na kuibana, na hakutaka kuikunjua hata Bibi Mkunga alipomvuta vidole. Kulia alilia vizuri. Binti alilia pia, akacheka, akataka kujua kama samaki mzima, maana mumewe alikuwa njiani.

"Mzima," Bibi Mkunga alisema. "Haya, nataka maji ya kumwogesha mtoto, na huyu mwingine abadilishiwe yake."

Mama Vipimo alikinga beseni la maji bombani, akayapasha moto, akayajaribu kwa kiwiko. Joto lilikuwa sawasawa. Alileta beseni chumbani, akaliweka kwenye mkeka. Kalamu ya ofisi ilikuwa bado mkononi mwake, hakujua aliibeba saa ngapi.

"Haya ni safi?" Bibi Mkunga aliuliza, kama alivyouliza katika kila nyumba.

Binti alimtazama mama yake kutoka kitandani, akitabasamu. Kisosi naye alijigeuza bakulini, akamwelekea kwa jicho moja.

"Safi," Mama Vipimo alisema, akanyoosha mikono apewe mtoto.